Likizo ya Msiba

Mdogo wangu anacheza mpira Japani. Nikisema hivyo hapa Mtendeni, wateja wananitazama kana kwamba nimeshinda bahati nasibu, kwa hiyo huwa naongeza haraka kwamba timu yake iko madaraja ya chini, uwanja wao una jukwaa upande mmoja tu, na asubuhi kabla ya mpira anafunga boliti kwenye pampu za maji. Hapo hamu inawaisha. Wanauliza suruali zao zitakuwa tayari lini, nami narudi kwenye cherehani yangu.

Timu hiyo ilianzishwa zamani na wafanyakazi wa kiwanda, waliokuwa wakicheza baada ya kazi. Siku hizi ina jina la mji na mashabiki wenye ngoma, lakini kiwanda bado ndicho baba mwenye nyumba. Mchezaji anaingia karakana saa mbili asubuhi, anatoka mchana, ndipo anakwenda mazoezini. Akichelewa kazini siku ya Ijumaa, Jumapili anakaa benchi, hata kama ndiye anayefunga mabao yote. Msimamizi wa karakana ya mdogo wangu ni mzee aliyewahi kuwa beki wa timu hiyohiyo, enzi wanacheza kwenye changarawe. Mdogo wangu alimpelekea asali ya Sikonge. Mzee akaionja kwa kidole mbele ya watu wote, kisha akainama mara tatu. Hicho ndicho kisa tulichokuwa tukikisimulia zaidi nyumbani, kuliko hata bao lolote.

Mechi tulikuwa tukizitazama Cheyo, nyumbani kwa mama. Saa saba mchana kwao ni saa moja asubuhi kwetu, kwa hiyo mama alikuwa anakunywa uji na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mpira alikuwa haujui. Alikuwa anaujua mgongo wa mwanawe, basi, na huo aliutambua hata picha ikikwamakwama.

Mwaka jana mama akaumwa figo, tukamlaza hospitali. Siku ya Alhamisi daktari akaniita pembeni, akasema kama kuna ndugu walio mbali ni vizuri wajulishwe. Nikatoka nje, nikampigia mdogo wangu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu huwa halielezwi. Mtu akiwa mbali hapewi habari ya msiba kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa wetu hali si nzuri, jitahidi uje. Anapanda basi, anashuka, anafika kwenye kona ya mtaa, anaona turubai na viti vya kukodi, ameshajua. Nadhani tulianza hivyo tangu wakati wa misafara, mwanamume akiwa njiani kati ya hapa na pwani na mzigo kichwani, na hakuna aliyeona faida ya kumvunja miguu katikati ya pori. Aliyepigiwa naye hachimbi. Akichimba anamlazimisha mwenzake kudanganya.

Mimi nilimwambia, "Mama anaumwa, hali si nzuri, jitahidi uje." Nilikuwa nasema kweli tupu.

"Naweza kuongea naye?"

"Amelala."

Alikuwa amelala kweli, amechomwa sindano. Mdogo wangu akasema, "Sawa kaka. Nimeelewa." Nikajisemea mtoto amekomaa.

Jumamosi dawa zikamkubali mama, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Sikumjulisha mdogo wangu. Alikuwa ameshaniandikia kwamba amepata tiketi ya Jumatatu, na mama alikuwa hajamwona miaka mitatu. Nilijua nikimwambia amepata nafuu ataahirisha. Huo ndio ujanja wangu wote, sina mwingine wa kuungama.

Jumapili asubuhi nikamwekea mama mito mgongoni, nikafungua simu. Wachezaji walitoka, wakajipanga kwenye duara la katikati. Kila mmoja alikuwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. Ngoma zikanyamaza. Kamera ikamsogelea mdogo wangu na ikakaa hapo. Alikuwa ameinamisha kichwa na kidevu kinamcheza.

Mama akaweka bakuli chini. "Wamefiwa na nani?"

"Sijui, mama. Labda mzee wao mmoja."

"Maskini. Mungu amrehemu."

Akainua viganja akaanza kuomba dua. Aliomba dakika nzima, sawasawa na wao, midomo ikienda taratibu. Filimbi ilipolia akajipangusa uso, akaomba nimwongezee uji.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Nilielewa wamesimama kwa ajili ya nani, nikachota uji. Tangu siku ile mambo mengi nimeyafanya hivyo, kama mtu anayekata kitambaa cha mteja asiyemjua.

Mdogo wangu alipiga baada ya mechi. Nikampa mama simu. "Mwanangu," mama akasema, "umecheza vizuri, lakini mbona umekonda hivyo?" Upande wa pili ikaja sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima, na mama akanitazama, akaniuliza huyu ana nini. Nikasema amefurahi kukusikia.

Baadaye tuliongea wawili. Aliniambia kiwanda kina likizo ya msiba: mzazi akifa unapewa siku kadhaa, bila maswali. Mzazi akiumwa unasubiri msimu uishe. Msimamizi alikuwa ameijaza fomu yeye mwenyewe, akapanda nayo ofisini, akarudi na ruhusa.

"Kaka, niwaambie kwamba yu hai?"

Nilifikiri kidogo sana. "Ukiwaambia watakuona mwongo. Nyamaza, njoo."

Akaja. Alikaa siku kumi, na zilikuwa siku nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Mama alimkalisha mkekani, akazishika zile kucha zake za miguu zilizosagwa na njumu, akawa anazipaka samli moja moja huku akimgombeza. Mdogo wangu alicheka mpaka akajilaza chali. Kwenye begi alikuwa na kadi ya rambirambi iliyosainiwa na karakana nzima. Nikaichukua nikaifungia dukani kwangu, kabla mama hajauliza ni ya nini. Kisha akarudi Japani.

Mama alifariki miezi minne baadaye, Jumanne asubuhi, akichagua mchele. Nilimpigia mdogo wangu, na safari hii nilisema neno lenyewe. "Mama amefariki."

"Kweli?"

"Kweli."

Sikumsikia akilia. Aliuliza tunazika lini, nikasema leo, baada ya alasiri. Hilo alilijua, asingewahi hata kama angeruka muda huohuo. Lakini angeweza kuwahi kisomo cha kumwombea, angeweza kukaa na wenzake akapokea mikono ya watu. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, aliyejua kwamba likizo ya mama ilishatumika, alikuwa pembeni yangu, akashauri aseme amefiwa na mama mdogo, si naye ni mama? Mdogo wangu akasema kwenye fomu yao mama mdogo hana siku hata moja. Na mama hawezi kufa mara mbili. Njia pekee ilikuwa kumwendea yule mzee na kumwambia fomu aliyoijaza kwa mkono wake ilikuwa ya mtu aliyekuwa anakunywa uji, na uwanja mzima ulimsimamia.

"Mwambie," nilisema. Nilichelewa kulisema kwa miezi minne.

"Hapana, kaka. Ndiye atakayeulizwa huko juu. Nitaenda kazini."

Tukamzika mama. Nilishuka kaburini kumpokea, upande ambao angesimama mdogo wangu akasimama jirani yetu, mtu mwema, muuza mkaa. Waliouliza yuko wapi yule wa Japani niliwaambia amekosa ruhusa. Wakatikisa vichwa, wakasema hao watu wana roho ngumu. Sikuwasahihisha.

Alfajiri ya Jumatano ndugu walikuwa wamelala mikekani uani. Mdogo wangu akapiga, kwao ni mapumziko ya mchana. Nyuma yake nilisikia mashine zikiwashwa tena. Aliongea polepole.

"Kaka, mzee amekuja kukaa na mimi. Amesema tangu asubuhi ananiona sina raha. Akaniambia mwaka wa kwanza wa kufiwa na mama ndio mgumu, yeye anaujua. Akaniuliza kama nimeanza kuzoea."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia nimeshazoea."

Nikamwambia amejibu vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha.