Trela Yangu Nyeupe na Harusi ya Watu

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Nilitoka mjini kwetu Plano peke yangu na mbwa wangu wawili, nikivuta trela ndogo nyeupe ya kupigia kambi. Akina mama wa kanisani kwetu walisema huo ni wazimu wa Wazungu. Nikawaambia wana wivu.

Kule Houston, mtaa wa Alief, nilisimama nje ya kanisa moja niwape mbwa maji. Ndani kulikuwa na harusi ya Warundi. Walipoanza kutoka, nikaondoka polepole huku nimewasha taa za tahadhari, kwa sababu kuvuta trela bado kunanitetemesha.

Mara nikasikia honi nyuma yangu. Magari yenye riboni yalikuwa yamepanga foleni, nayo yamewasha taa. Nikajisemea, angalau Alief wanamtambua mwanamke jasiri! Nikawapungia mkono, wakapiga vigelegele. Nikakata kona, wakakata. Nikaingia barabara ya vumbi ya kambini nilikokuwa nakwenda kulala, wakaingia.

Niliposimama chini ya misonobari, bibi harusi akashuka ameshika gauni lisiguse vumbi. Mzee mmoja mwenye suti akanijia.

“Mama, tuliambiwa tufuate trela nyeupe ya chakula. Ukumbi ndio huu?”

Nikageuka kuitazama trela yangu.

“Basi fungua, wageni wana njaa.”

Nikafungua. Chakula kilikuwepo, sikatai: magunia mawili, kila moja lina picha ya mbwa anayetabasamu.