Saa ya Mnara wa Zambia

Siku ya kumzika shangazi, baba alivaa koti mapema akaniambia tunachelewa. Nilimkaripia. Mimi, fundi simu wa Tunduma, nifundishwe na saa yake ya mkono iliyochakaa? "Baba, simu inapewa saa na mnara. Haikosei!" Akakaa.

Ndani ya gari la kwenda Nanyala, simu ikaruka mbele saa nzima. Kumbe kule mpakani ilikuwa imeshika mnara wa Zambia, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikaificha mfukoni.

Tulikuta kaburi limeshafukiwa. Baba alisimama mbele ya kaburi la dada yake, akaniuliza taratibu, watu wakisikia, "Sasa hivi ni saa ngapi, mwanangu?"