Chupa za Marehemu Dirishani

Fundi cherehani wa nyumba ya kona, kwa utunzaji usimchezee. Nguo ya mteja hata ikilala kwake mwaka mzima, itatoka imenyooka na inanukia. Kila Jumamosi alitoa vitu nje, magodoro, mablanketi, makoti ya marehemu mumewe, vyote vikapigwa jua kisawasawa. Unyevu ndio uliokuwa adui yake namba moja. Basi mumewe alipomwachia chupa zile, alizitunza kwa namna aliyoijua yeye.

Mume alikuwa mtu wa kiwanda cha bia, na akirudi nyumbani alijipikia bia yake mwenyewe, nyeusi tii, ya kimea kilichokaangwa mpaka kikakaribia kuungua. Mke hakuionja hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufungua madirisha na kufoka, "Umenijazia nyumba harufu ya sufuria iliyoungua!" Mume anacheka tu. "Hii bado mtoto," humwambia. "Ikae miaka ndipo ikolee. Nikiipata ninayoitaka, utaomba mwenyewe."

Kisha ugonjwa ukamwangusha. Pale kitandani, sauti imekwisha, alimshika mkewe mkono. "Zile za mwisho, chini ya ngazi, nadhani ndizo zenyewe. Zitunze. Ikitimia miaka mitano mwite mdogo wangu, mnywe wote." Hakueleza zaidi. Pengine alidhani mtu aliyeishi na mtengeneza bia miaka yote hiyo hahitaji kufundishwa.

Mjane akazitunza, tena kwa moyo wote. Aliona haya kuiacha kazi ya mikono ya mumewe gizani na buibui, akazipandisha dirishani, penye jua tangu asubuhi. Siku alipoona kitu kimetuama chini ya chupa, roho ilimruka, akadhani zinaharibika. Tangu hapo kila Jumamosi alizitikisa moja moja kama dawa ya kikohozi, akazifuta kwa kitambaa laini, akazisemesha. Wateja walimtania kwamba ameolewa na chupa. Alicheka nao, na moyoni hakuona utani. Alikuwa akiisubiri siku ya kumwomba radhi mumewe kwa kuonja.

Miaka ilipotimia, shemeji alikuja Jumapili mchana, amevaa shati la pasi. Ndiye aliyekuwa akionja pamoja na kaka yake. Alipoliona dirisha, alisimama palepale mlangoni.

"Shemeji, hizi zimekaa hapo tangu lini?"

"Tangu tulipomzika. Si zinapendeza?"

Shemeji aliingia, akashusha chupa mezani. Alifungua ya kwanza, povu likafoka mpaka mezani, na chumba kikajaa harufu ya siki. Akamimina, akanywa funda moja, akalimeza kwa shida.

"Tamu," alisema. "Kaka alikuwa fundi."

Mjane alimtazama. "Shemeji, mimi nashona. Mteja aliyebanwa na gauni huniambia hivyohivyo kwamba limemkaa vizuri. Sema kweli."

Shemeji akaweka glasi chini. "Imeharibika. Bia hii hutaka giza. Hutaka ubaridi, itulie, isiguswe. Lile jua na lile joto..."

"Na kutikisa?"

"Ulikuwa ukizitikisa?"

Walifungua ya pili, na ya tatu, na zilizobaki, maana mtu hukata tamaa polepole. Zote zilikuwa siki. Mjane alikaa kitini. Alimkasirikia marehemu kwa kutosema, akajikasirikia kwa kutouliza, na hasira zote mbili hazikuwa na pa kwenda. Angezitupa chini ya ngazi na kuzisahau, leo zingekuwa nzima. Mwanamke mvivu angemfaa mumewe kuliko yeye.

"Hukujua, shemeji," alisema yule mwanamume. "Usijitese."

"Nimeziua kwa mikono yangu, kila Jumamosi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akavuta glasi, akanywa, uso ukamkunjamana. Akanywa tena, kana kwamba chini kabisa huenda pamebaki kidogo cha mumewe. Hapakuwa na kitu.

Akageuka. "Basi niambie wewe. Ulikuwa ukinywa naye. Ile yenyewe ilikuwaje? Niambie taratibu, na mimi nijue."

Shemeji alifumba macho. Midomo ilimcheza kama anayetafuta jina la mtu.

"Ilikuwa chungu," alisema. "Halafu inakuja tamu. Ilikuwa na kitu kama kahawa..."

"Halafu?"

"Halafu ilikuwa..." Akafumbua macho, nayo yamelowa. "Nimesahau, shemeji. Miaka yote hii nimesahau. Nilikuja leo nikumbuke."