Mashine ya Pili

Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta sokoni Kwa Mrombo nikichagua viazi. Radi ilipopiga upande wa Mlima Meru, wauza nyanya walicheka huku wakivuta maturubai. Mimi nilitoa simu mfukoni.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja mteremkoni mwa mlima, juu ya Maji ya Chai. Mafaili ya wagonjwa, majibu ya maabara, makundi ya damu, vyote vilisomwa kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa ndani, na ukurasa huo ulikaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu ya hospitali. Mwaka uliotangulia umeme wa radi uliiunguza asubuhi kweupe. Wauguzi walishinda wakikimbizana kwenye korido, wakiulizana nani hapatani na dawa gani. Hakufa mtu, lakini tangu siku ile nikisikia radi natazama simu kwanza.

Ndipo nikafunga seva mbili zinazolindana, kila moja na chumba chake na umeme wake. Moja inafanya kazi, nyingine inaisikiliza. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inachukua anwani ileile, inashika diski ya pamoja yenye mafaili na kuufungua ukurasa upya. Nilijaribu Jumapili moja watu wakiwa kanisani, nikachomoa waya wa umeme, ikakubali. Ila waya niliuchomoa mwenyewe, kwa utaratibu. Radi haina utaratibu.

Pale sokoni simu ikaleta ujumbe: seva ya kwanza haijibu. Ujumbe wa kusema ya pili imepokea haukuja.

Nikapiga simu wodi ya wazazi. Alipokea muuguzi mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo mama. Ukurasa wa wagonjwa unafunguka?"

"Marahaba. Ngoja mwanangu, nimeletewa mzazi hapa anavuja damu."

Akaiweka simu mezani bila kukata. Nilisikia magurudumu ya kitanda, mwanamume akilia kwa Kimeru, kisha sauti ya muuguzi: "Kundi lake la damu! Faili lake la kliniki liko wapi?"

Nilisikia mtu akibonyeza kompyuta, tena na tena, kwa hasira. Nilitaka kupiga kelele wasubiri kidogo, wafungue upya, lakini nani angenisikia? Mwenye viazi aliniuliza kama ninaumwa. Nikampungia mkono anyamaze.

"O hasi!" sauti ya msichana ikasema. "Imefunguka. O hasi!"

Wakaanza kukimbia. Nilibaki na kelele za viatu sikioni hadi muuguzi alipoikumbuka simu.

"Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Huo ukurasa, mama."

"Uligoma kidogo, ukarudi. Kwani kuna nini?"

"Mashine ya pili ndiyo imepokea, mmebaki na hiyo moja tu. Radi ikiipiga na hiyo, hamna kitu."

Nikasikia ngurumo kwake, kisha kwangu.

"Basi njoo," akasema. "Njoo sasa hivi."

Viazi niliviacha palepale. Niliendesha pikipiki kwenye mvua, maji yakiniingia shingoni, na kila mwanga uliopasuka juu ya mlima niliuona unaielekea ile seva iliyobaki. Chumba cha seva ya kwanza kilinuka plastiki iliyoungua. Kifaa chake cha umeme kilikuwa cheusi. Nilikuwa na cha akiba, lakini skrubu zilinidondoka mara kwa mara, na kila ngurumo ilinifanya nigeuke kuitazama skrini ya kompyuta ya mezani, iliyoonyesha kama seva ya pili bado inajibu. Ilijibu kila mara.

Seva ya kwanza iliwaka, ikamtambua mwenzake, nikaketi sakafuni.

Baadaye nilipanda wodini. Mzazi alikuwa amelala, damu ikishuka taratibu kutoka kwenye chupa hadi mkononi mwake. Mume wake alinisalimia akidhani mimi ni jamaa wa mgonjwa mwingine, akaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje.

"Anaendelea vizuri," nikamjibu. Nilikuwa naiwaza mashine ya pili.