Pai Kumi na Moja za Dell Pruitt

Siku Dell Pruitt alipokuja kulalamika, Marlys Hegstad alikuwa jikoni kwake, miguu ndani ya beseni la maji baridi, nyimbo za Krismasi zikilia kwenye kanda, akiandika habari za theluji. Ulikuwa mwezi wa saba. Nje upepo wa Wyoming ulipuliza vumbi la moto mpaka likaingia kwenye birika.

Marlys alikuwa na miaka sitini na mmoja. Asubuhi alipokea simu kwenye kliniki ya mifugo ya Dry Fork, za watu ambao ng'ombe wao wameshindwa kuzaa au mbwa wao wamechomwa miiba na nungunungu. Mchana aliandika riwaya za mapenzi ya Krismasi. Alikwisha kuandika kumi na nne, na katika kila moja mlikuwa na mchunga ng'ombe mpole, mwanamke aliyekwamishwa na theluji, mbwa mmoja, na busu moja tu, tena kwenye ukurasa wa mwisho. Alitumia jina la bandia, lakini dada yake Twyla alifanya kazi posta, kwa hiyo siri hiyo mji mzima uliijua.

Dell, mgane mwenye ranchi upande wa pili wa barabara, alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bi Marlys, umeniweka kitabuni."

"Nani kakwambia?"

"Mguu unaochechemea ni wangu. Mbwa mwenye jicho moja ni wangu. Kina mama wa maktaba wamekisoma mwezi uliopita, na tangu hapo nimeletewa pai kumi na moja za matunda. Ardith Kolb kaleta mbili, halafu akakaa barazani kungoja nimpe maneno matamu kama yale ya kitabuni. Mimi sina maneno matamu. Nilimwonyesha pampu ya maji."

Marlys aliuma mdomo asicheke. "Pole. Kwani umekisoma?"

"Nimekichungulia tu." Dell akatazama kofia yake. "Ila ukurasa wa mia na kumi na mbili, yule bwana anafunga seng'enge kwenye theluji bila glavu. Ngozi ya mkono ingebaki kwenye waya. Na ng'ombe gani wa huku anazaa Krismasi?"

"Ndama anawapendeza wasomaji."

"Ndama angeganda. Sikiliza, kitabu kijacho niue. Farasi aniangushe, yaishe."

"Haiwezekani. Kwenye vitabu vyangu hafi mtu. Mbwa akikohoa tu, naletewa barua za kuulizia hali yake."

Wakabishana hadi maji ya beseni yakapata moto. Mwishowe walikubaliana: Marlys atamwoza. Mwanamume mwenye mke haletewi pai. Basi katika riwaya ya kumi na tano mchunga ng'ombe mwenye mguu mbovu alimwoa mwalimu wa Chicago, kanisani, theluji ikianguka taratibu, na Marlys mwenyewe akatokwa na machozi alipoiandika.

Kitabu kilitoka mwezi wa kumi, na dawa ikafanya kazi kupita kiasi. Pai zilikoma mara moja. Ardith alipokutana na Dell kwenye duka la vyakula vya mifugo alimuuliza, "Mkeo hajambo? Kazoea baridi ya huku?" Wanaume mkahawani walimwachia kiti kitupu pembeni yake, wakisema ni cha mwalimu. Kwenye chakula cha Krismasi ukumbini mwa kanisa, ambako kila mwaka kina mama walishindana kumjazia sahani, alijipakulia mwenyewe. Marlys alimwona kutoka meza ya pili, akila viazi peke yake, kavaa shati lililopigwa pasi, na akaisukuma kando sahani yake. Alikuwa amezoea kupanga maisha ya watu wasiokuwapo.

Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika kizingitini, alivaa buti na kuvuka barabara mwenyewe. Alimkuta Dell akiwamwagia ng'ombe majani makavu kutoka nyuma ya pikapu.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nikipenda naweza kumrudisha mwalimu Chicago."

"Utawatenganisha?"

"Hapana. Talaka nayo hairuhusiwi."

Dell akacheka, mvuke ukimtoka mdomoni. "Basi mwache. Ni mwanamke mzuri. Ila anaongea sana, na huyo bwana naye. Kurasa tatu za kumwomba akubali kuolewa? Nani ana muda huo kwenye baridi?"

"Wewe ulimwambia nini marehemu mkeo Fern?"

Dell alikata kamba ya robota la majani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nilimwambia, pikapu yangu imekufa na yako inatembea. Akaniuliza, ndiyo nini hiyo? Nikamwambia, ndiyo hivyo. Akasogea, nikapanda."

Pua ilimuuma Marlys kwa baridi. Vitabu kumi na tano, na hakuwa ameandika sentensi hata moja inayofikia hiyo. Alivua glavu, akatoa kalamu.

"Vaa glavu," Dell alisema. "Nitakukariria ndani."

Maneno hayo aliyatia katika riwaya iliyofuata. Mhariri, mwanamke wa mbali asiyewahi kuona ng'ombe, aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba maneno hayo hayana utamu. Marlys alikataa kuyafuta, na baadaye ndiyo wasomaji waliyoyanakili kwenye barua zao.

Tangu siku ile ya baridi, kila Alhamisi mchana pikapu ya Dell husimama nje ya nyumba ya Marlys. Dell hukaa mezani jikoni na penseli, miwani puani, akiwakata kwenye muswada ndama wa Krismasi mmoja baada ya mwingine. Twyla alivumilia hadi Pasaka, kisha akauliza.

"Anakuja kufanya nini huyo?"

"Kusahihisha ng'ombe."

"Ng'ombe wa ukurasa mmoja anasahihishwa kwa saa tatu nzima?"

"Ni ng'ombe wagumu," Marlys alisema, akaenda kuteleka kahawa ya watu wawili.