Konji ya Mama Keza

Épiphanie tulimwita Mama Keza, kwa jina la binti yake mkubwa. Cherehani yake ilikuwa jirani na yangu katika karakana ya mahema na mifuko ambayo kampuni moja ya Ulaya ilifungua mtaani Kicukiro mwaka 1991. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, na badala ya kutafuta mkasi alikata uzi kwa jino la pembeni.

Kabla ya hapo sote tulishona kwa mzee mmoja mwenye duka Biryogo. Kwa yule mzee, konji, yaani likizo, hukuichukua kama huna shida. Ulimwachia. Siku ukiuguliwa au ukifiwa ulimwendea, naye alikuruhusu bila maneno, kwa kuwa alijua ulimwachia. Ndivyo maduka mengi yalivyokwenda.

Kampuni ilikuwa na desturi yake. Kwao Agosti ni wakati wa watu kupumzika, kwa hiyo na karakana yetu ilifungwa Agosti. Mwaka 1992 meneja alitafuta mtu wa kubaki ashone mapazia ya ofisi. Mama Keza alikubali. Mama yake mzazi, Mukankusi, aliyekaa peke yake kijijini Gahanga, alikuwa bado mzima na analima. Mama Keza alituambia konji yake anaiweka mpaka siku ya haja.

"Konji si maharage, mama," Shami, fundi mwenzetu, alimtania. "Itaingiwa na wadudu huko kwa mzungu."

Tulicheka, naye akacheka.

Januari bibi Mukankusi alianguka shambani, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Mama Keza alikwenda kuomba konji yake kwa Munyaneza, kapita wetu aliyesimamia mafundi, naye akampeleka kwa meneja. Meneja hakuwa mkali. Alimpa kiti. Alieleza, kapita akifasiri, kwamba likizo ya kampuni ni ya Agosti, na isiyochukuliwa Agosti haipo tena. Ndivyo ilivyo kwao, na wafanyakazi wa huko na wa huku wanafuata utaratibu mmoja.

"Lakini Agosti nilikuwa hapa," alisema. "Niliwaachia."

Meneja aliuliza ni nani aliyemwambia afanye hivyo. Nani huambiwa jambo ambalo kila mtu analijua?

Kuacha kazi hakuweza. Mumewe, dereva wa lori, hakuwa amerudi tangu vita vilipoanza kule kaskazini, na watoto walikula kwa cherehani ile. Basi akawa anakwenda Gahanga Jumapili, baada ya misa, kwa miguu, akisimamishwa na askari kwenye vizuizi, akarudi kabla ya giza. Bibi hakuomba dawa. Alitaka binti yake akae, walale na kuamka pamoja, wachambue maharage mlangoni kama zamani. Kila Jumapili alimuuliza kama safari hii amekuja kukaa. Mama Keza alimjibu kwamba bado, konji yake inakuja.

Siku moja mwezi wa Machi, jirani wa bibi alifika langoni na habari. Kapita Munyaneza alikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani, akainama.

"Mama Keza, pole sana," alisema. "Nenda ukazike. Kwa msiba kampuni inatoa siku. Hutakatwa kitu."

Alimaliza kwanza mshono uliokuwa chini ya sindano. Akakata uzi kwa jino.

"Kumbe siku zilikuwepo," alisema.

Akakunja kitambaa, akaondoka.

Alirudi baada ya matanga, akashona vizuri kama siku zote. Shami hakumtania tena.

Agosti karakana ikafungwa. Mimi na Shami tulisikia Mama Keza yuko Gahanga, tukaenda kumjulia hali. Tulimkuta ameketi mlangoni kwa mama yake, ungo wa maharage mapajani. Udongo wa ukuta ulikuwa umeanza kubanduka, na shamba halikuwa limelimwa. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Shami alimuuliza kwa sauti ya chini anamngoja nani.

"Simngoji mtu, baba," alisema. "Niko konji."

Alitusogezea mkeka. Tukakaa, tukachambua naye maharage, wala hatukujua ni ya kumpikia nani.