Siku Niliyolala Katikati ya Somo la Kulala

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na nikiisimulia leo ni kwa sababu walioishuhudia wanaiongezea chumvi (eti nilikuwa nimelewa, mimi ambaye hata togwa ikianza kuchacha siigusi), basi bora mwenye aibu aiseme mwenyewe, kwa mpangilio.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sikonge, kilikuwa kimejenga shule ya matofali ya udongo, na walimu hawakutosha. Mimi nilikuwa karani wa kupima tumbaku. Darasani niliishia la nne, lakini Kiingereza nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha walimu kisicho na jalada, nilichokiokoa dukani kwa Mzee Salum mjini Tabora, kwenye rundo la karatasi za kufungia sukari. Kijiji kikanipa darasa la tatu kwa majaribio. Mkaguzi angekuja mara moja tu kuniona nikifundisha: akiridhika, nabaki mwalimu, asiporidhika, narudi kwenye mizani. Nami sikutaka kurudi, kwa kuwa nilishaona mtoto akitamka "window" kisha akaligeukia dirisha la darasa kana kwamba limetobolewa ukutani dakika ile ile.

Basi nikaandaa somo, kurasa nne, dakika kwa dakika. Kitabu kilielekeza kwamba mtoto haelewi kitendo kwa kuambiwa. Anaelewa akimwona mwalimu anakitenda, kisha akakitenda mwenyewe huku anakitamka. Nikachagua vitendo vitano: kutembea, kukaa, kula, kuandika na kulala. Kanuni ilikuwa moja, kwamba kitendo kikishaanza, haachi mtu mpaka nitoe amri. Tukafanya mazoezi wiki nzima, hadi mbuzi akichungulia mlangoni hakuna aliyegeuza shingo.

Kilichonisumbua ni kulala. Mazoezini niliegemeza shavu kiganjani, na watoto thelathini na wanane wakaegemeza mashavu yao, isipokuwa Kabula, binti wa miaka tisa asiyeacha jambo lipite.

"Mwalimu," akasema, "huyo analala au anaumwa jino?"

Nikaona ana haki. Nikafuta mstari ule kwenye andalio, nikaandika: mwalimu analala chini, kwelikweli. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana sikukumbuka kwamba zamu yangu ya kuchochea moto kwenye bani la kijiji, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, ingeniweka macho siku mbili mfululizo kabla ya mkaguzi kufika.

Mkaguzi alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano ikafika, gari halijaonekana. Nikasema tusipoteze muda, tujaribu kulala mara moja tu, nionyeshe kama nilivyoandika. Nikajinyoosha kwenye mkeka mbele ya ubao, nikafumba macho, nikatamka, "I am sleeping." Watoto nao wakalala sakafuni, wakatamka. Kisha pakawa kimya. Upepo uliingia dirishani na harufu tamu ya tumbaku inayokauka, nyuki mmoja alikuwa anazunguka darini, nikajiambia nihesabu mpaka kumi ndipo nitoe amri.

Nakumbuka nilifika saba.

Halafu nikawa kwenye ile njia ya zamani ya misafara, inayopita nyuma ya shule yetu na ambayo sasa ni majani matupu. Wapagazi walikuwa wanapita bila kuinua vumbi, na kila mmoja amebeba kichwani neno moja la Kiingereza limefungwa kwa kamba, na nilijua bila kuambiwa lipi ni zito na lipi jepesi. Aliyebeba "bucket" alikuwa anadondosha maji. Mbele yao kengele ililia, taratibu, nikafurahi, nikasema moyoni kumbe yote haya yanakwenda darasani kwangu.

Kengele ile haikuwa ya msafara. (Yanayofuata nilisimuliwa, na nimeyalinganisha kwa watu watatu.) Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugembe, alikuja kuniarifu kwamba gari limeonekana mtoni. Akachungulia dirishani, akaona watoto wote wamelala chini na mwalimu wao amelala kinywa wazi. Akaita, "Ndugu Mwalimu!" Kimya. Akaita watoto. Kimya, maana amri haijatoka. Mzee akaamini moshi wa bani umetuua sote, akakimbilia kipande cha reli kinachoning'inia mbele ya ofisi, akakigonga kwa nguvu zake zote.

Shamba la kijiji likamwagika. Akina mama wakaja mbio na majembe yao, na wa kwanza kuingia alikuwa mama yake Kabula.

"Kabula! Mwanangu, amka!"

Kabula, macho yamefumbwa, akajibu, "I am sleeping."

"Mayoo! Mtoto anaweweseka! Anasema maneno ya watu wa kule kuzimu!"

Vilio vikapanda, na katikati ya vilio hivyo ndipo mkaguzi aliposhuka garini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakumgusa mtu. Alikwenda mezani, akachukua andalio langu, akasoma mpaka dakika ya kumi na nane, palipoandikwa amri, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Get up."

Watoto thelathini na wanane wakasimama kwa pamoja. Mama mmoja akaanguka kwa mshtuko. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuamka, na nilichokiona kwanza ni viatu vyake.

"Shikamoo," nikasema, nikiwa bado nimelala.

"Marahaba, Mwalimu. Umepumzika?"

Kwenye kitabu cha ukaguzi aliandika: "Wanafunzi wamelielewa somo. Mwalimu amelielewa kupita kiasi." Hakunithibitisha. Aliniambia atarudi baada ya miezi mitatu, na kwa miezi yote hiyo kila niliyepishana naye, hata kisimani, alinisalimu kwa kufumba macho.

Aliporudi alinithibitisha. Nilifundisha vitendo vilevile vitano, na nikalala chini kama kitabu kinavyotaka. Ila nimeapa tangu siku ile kwamba silali mbele ya darasa kabla sijapanga nani ataniamsha, na kwenye kila andalio jambo hilo ndilo ninaloliandika kwanza. Siku ya ukaguzi huo wa pili niliandika: Kabula. Alisimama kando ya mkeka akiwa na rula mkononi, akahesabu kwa Kiingereza kwa sauti, na hakufika hata saba kabla ya kuniamsha.